Nani Aligeuza Shule ya Kwa Mbula?

— Nani amegeuza hii shule?

Wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kazi cha kijiji, waliendelea kurusha udongo nje ya mtaro kama hawakusikia. Ndinda alikuwa ameshuka tu kutoka kwa lori la mchanga. Vumbi la kutoka Malili bado lilikuwa kwenye nyusi zake, na mikononi alikumbatia jengo dogo la kadibodi kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Alikuwa ametoka Nairobi kuja kuona msingi wa darasa la kwanza alilolichora maishani mwake. Msingi aliuona. Ulikuwa umeelekea kusikofaa.

— Mwangangi! Nimeuliza, nani amegeuza shule?

Mwangangi alikuwa kando ya mtaro, kamba ya kupimia mkononi. Akatoa lile tabasamu lake la kuomba msamaha kabla kosa halijatajwa.

— Karibu nyumbani, mpenzi. Umechoka na safari?

— Usiniite mpenzi. Hii mtaro inaenda wapi?

— Inaenda... sambamba na barabara.

— Na kwa plani yetu inaenda sambamba na barabara?

— Si sana.

— Si sana ndiyo nini? Inaenda ama haiendi?

— Haiendi.

Ngoja nikueleze hapo, usije ukaona msichana anapiga kelele bure. Ilikuwa mwaka wa 1988. Ndinda na Mwangangi walikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, wanasomea usanifu wa majengo. Mwalimu wao aliwaambia wachore shule ya kweli, mahali pa joto, pasipo na stima wala dalili ya stima. Ndinda hakufikiri mara mbili. Alichagua shule ya kwao, Kwa Mbula, karibu na Mbumbuni, alikosoma yeye mwenyewe chini ya mabati yaliyokuwa yakikaanga akili za watoto kila mchana.

Wakachora darasa lililolala kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi za mwisho tu, na kuta hizo hazina dirisha, hata ule wa magharibi unaotazama barabara. Madirisha makubwa yakakaa kaskazini na kusini, chini ya kivuli cha paa pana. Juu kabisa kuna matundu ya kutoa hewa ya moto. Matofali ni ya udongo wa pale pale, unaoshindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa, ili mtu asikate hata mti mmoja wa kuni. Darasa la baridi, lenye mwanga mpaka jioni bila taa. Kamati ya shule ikaipenda plani, ikasema itajengwa kwa harambee.

Na mapenzi yao yalianzia kwenye hicho kijengo cha kadibodi. Mwangangi alikuwa anakizunguka na tochi, yeye ndiye jua. Ndinda anapiga magoti, anachungulia madirishani kuona mwanga unaingia wapi.

— Saa tisa, Ndinda anasema.

Mwangangi anashusha tochi upande wa magharibi. Siku moja tochi ikapotea njia, ikatua usoni mwa Ndinda na kukaa hapo.

— Sasa ni saa ngapi? Ndinda akauliza.

— Saa ya kuzima tochi, Mwangangi akajibu.

Basi. Kuanzia siku hiyo walikuwa wawili, na walikubaliana wakimaliza chuo wataoana. Sasa hebu turudi kwenye mtaro.

— Ni mzee alitaka, Mwangangi alisema kwa sauti ya chini.

— Mzee gani?

— Babako. Alikuja akasimama kwa zile pegi tulizopimia msingi, akauliza kwa nini shule imepatia barabara ukuta mtupu. Nikamwambia tutaangalia.

— Mkaangalia mkageuza.

— Ndinda, ilikuwa Ijumaa. Na Jumamosi wajomba wangu walikuwa wanaleta mbuzi.

— Mbuzi gani?

Mwangangi akaangalia viatu vyake.

— Wa ntheo.

Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio neno lenyewe. Nyumba ya kijana inapopeleka wale mbuzi kwa nyumba ya msichana, imesema: huyu tumemwomba. Wakipokelewa, uchumba umeanza. Wakirudishwa, hakuna tena la kuzungumza.

— Nilitaka iwe sapraizi, Mwangangi aliongeza.

— Imekuwa. Umengoja niende Nairobi, kwa mkono mmoja ukaleta mbuzi, kwa mwingine ukageuza darasa.

— Nilifanya kwa sababu nakupenda!

— Ungenipenda na pegi zikiwa mahali pake!

Jembe moja likanyamaza mtaroni, kisha la pili. Wanawake sasa walikuwa wanasikiliza waziwazi. Ndinda akakumbatia kadibodi yake, akashika njia ya nyumbani, na machozi yakamtoka bila yeye kuyapangusa.

*

Mbuzi walikuwa watatu, wamefungwa kando ya ghala. Mmoja alishaanza kula marando ya viazi vitamu. Baba yake, Mzee Ndolo, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza redio.

— Ndinda, karibu. Umeona wageni wako? aliuliza, akiwaonyesha mbuzi kwa kidevu.

— Nimewaona, Baba. Warudi.

Mzee akazima redio.

— Warudi wapi?

— Kitui. Kwao.

— Mbuzi wa ntheo hawarudishwi kama sufuria ya jirani. Huyo kijana ana kosa gani? Ni mlevi?

— Hapana.

— Ana mke huko Nairobi?

— Hapana.

— Ni mvivu?

— Hapana, Baba.

— Sasa kosa lake ni nini?

— Ni kukutii wewe.

Mzee Ndolo akacheka, lakini alipoona binti yake hacheki akaacha.

— Hilo ndilo kosa? Mimi miaka yote naomba Mungu mkwe wa kunitii.

— Alijua jua litawapiga watoto wale macho kila jioni. Alijua, Baba, tuliangalia pamoja. Bado akageuza ili umkubali. Mtu anayetoa darasa la watoto apate mke, kesho atamtoa mke apate nini?

— Shule itaangalia barabara. Mimi ndiye mwenyekiti.

— Basi mbuzi waangalie Kitui.

Mama yake, Syombua, alitokea jikoni akipangusa mikono. Huyu mama ndiye aliyekuwa kiongozi wa mwethya, na sauti yake ilitoka bonde moja ikasikika bonde la pili. Siku hiyo aliiteremsha.

— Ndinda, huyu kijana unampenda ama humpendi?

— Nampenda, mwaitu. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Mama akamgeukia mumewe.

— Hawa mbuzi tukiwaweka na msichana analia, watakuwa ni wa nini?

Mzee Ndolo akavuta kiti chake nyuma kwa hasira.

— Warudi! Lakini sikieni vizuri. Mbuzi wanarudi, msingi haurudi.

Kesho yake mbuzi wakapandishwa lori la Kitui. Ukweli ni kwamba wao walipanda bila kinyongo. Aliyebaki na kinyongo ni Ndinda, ambaye usiku ule hakumeza hata kijiko cha muthokoi.

*

Simu ilikuwa moja tu, dukani kwa Nzioka pale Mbumbuni, na ikilia kila mnunuzi alisahau alichokuja kununua. Siku Ndinda alipoitwa, alipata duka limejaa.

— Halo? Ndinda?

— Sema haraka, Mwangangi. Duka nzima inaniangalia mdomo.

— Mbuzi walifika.

— Walifika salama?

— Mmoja anaharisha.

— Pole yake.

— Na mimi je?

— Na wewe unaharisha?

Mtu mmoja nyuma ya magunia ya sukari akakohoa kuficha kicheko. Huko Kitui, ndani ya kibanda cha posta, Mwangangi hakucheka.

— Ndinda, niliogopa. Niliona babako akinikataa nimekukosa. Nikajiambia jengo tutarekebisha baadaye. Tutapanda miti mbele ya madirisha...

— Miti ya kukua lini? Watoto wafunge macho wakingoja?

— Najua.

— Ndiyo, unajua! Hiyo ndiyo inaniuma. Baba hakujua saa tisa darasa hilo litakuwa vipi. Wewe ndiye ulikuwa unashika tochi.

Ilisikika sarafu ikiteremka ndani ya simu.

— Niambie nifanye nini. Chochote.

— Hilo usiniulize. Nikikuambia na ukafanya, utakuwa umebadilisha tu wa kumtii. Juzi ulimtii baba, leo unitii mimi. Wewe mwenyewe uko wapi?

— Ndinda, mimi...

Simu ikakatika. Ndinda aliirudisha mahali pake polepole. Nzioka akainamia kaunta.

— Na yule mbuzi, amepata dawa?

*

Siku ya mkutano wa kamati ilipokaribia, Ndinda alimwomba baba yake jambo moja tu.

— Msikutane kanisani asubuhi. Kutaneni mchana, ndani ya Darasa la Saba.

— Kwa nini Darasa la Saba?

— Si ndilo ulilijenga likiangalia barabara? Tukae ndani tulione.

Mzee Ndolo akaona ameheshimiwa, akakubali. Darasa la Saba lilikuwa fahari yake, na kwa kuwa mikutano ilikuwa ya asubuhi, hakuwahi kukaa ndani yake jua likienda kutua. Walioketi humo mchana ni watoto, na watoto hawaulizwi.

Mkutano ulianza kwa sala na adabu. Halafu jua likaingia. Likaanza miguuni, likapanda magotini, na kufika saa tisa lilikuwa usoni mwa kila mtu kama lina neno la kumwambia. Wazee wakahamisha mabenchi, wakayabana kwenye kona moja. Juu mabati yakaanza kulia ta, ta, ta. Mzee Mbuvi, makamu wa mwenyekiti, alishalala mdomo wazi. Mzee Ndolo alikuwa ameshika kofia kukinga jicho moja, huku jicho la pili likitafuta mahali alipofikia kwenye hotuba yake.

Mwangangi akasimama mlangoni, shati limejaa vumbi la safari.

— Huyo ni nani? Mzee Mbuvi akauliza, akizinduka.

— Ni yule wa mbuzi, mtu akamjibu.

Kicheko kikapita. Ndinda, aliyeketi nyuma na mama yake, akainamisha kichwa.

— Wazee wangu, mama zetu, Mwangangi alianza. Sikuitwa hapa. Nimekuja kusema jambo moja. Ule msingi niligeuza mimi. Plani tuliyochora na Ndinda ilikuwa sawa. Nilijua jua litaingia vile linaingia hapa sasa. Mzee Ndolo hakujua, aliuliza tu swali. Mimi nilijua jibu la kweli, nikampa jibu la kumfurahisha, kwa sababu nilitaka anikubali kwa binti yake. Naomba msingi urudi ulikokuwa. Mambo ya mbuzi sisemi. Walirudi, niliwapokea.

Mzee Ndolo akainuka, na kila mtu akajua sasa moto umewaka.

— Na wewe unajua kwa nini nilitaka shule iangalie barabara? Ama wewe, Ndinda, unajua? Kuna mtu aliniuliza?

Akaelekeza kofia yake barabarani.

— Magari yanapita hapo kila siku. Wakubwa wanaangalia nje, wanaona kichaka. Mwalimu anatumwa kwetu, anapita shule, anaenda mpaka mbele huko akiuliza njia, mwisho anachoka anarudi kwao. Hawa kina mama wamebeba mawe kwa mgongo tangu mimi nikiwa na nywele nyeusi, na hakuna mtu anajua tuko hapa! Sasa mnajenga darasa zuri, halafu mnaonyesha barabara ukuta mtupu, kama mtu amenuna!

Alipoketi, Ndinda akaona aibu, aibu ya kweli. Jua alilihoji saa kwa saa, asubuhi mpaka jioni, na baba yake mzazi hakumuuliza swali hata moja.

Akainuka na kijengo chake cha kadibodi, akakiweka kwenye dawati mbele ya mzee, ule ukuta mtupu wa magharibi ukimwangalia.

— Baba, nisamehe. Sikukuuliza. Ningeuliza, tusingefika hapa.

Macho ya mzee yakashuka kwenye ule ukuta.

— Huu ndio utaangalia barabara. Hauna dirisha, na hauwezi kuwa na dirisha. Lakini unaweza kuandikwa. Matofali mengine tuyatokeze nje, yafanye herufi kubwa, urefu wa mtu mzima. Kwa Mbula. Jua la jioni likipiga kutoka pembeni, kila herufi itatoa kivuli chake. Itasomeka kutoka mbali.

— Na hapa kwa kona tuweke baraza ndogo, Mwangangi akasema kabla hajajizuia, akisogea. Mgeni akiteremka kwa gari, anafikia kivulini.

— Na ngazi mbili, Ndinda akaongeza.

— Mbili, ndiyo, kwa sababu ardhi inateremka upande huu.

Wakajikuta wameinamia kadibodi vichwa vikikaribia kugusana, kama zamani. Ndinda ndiye aliyerudi nyuma kwanza.

— Hiyo jina, Mzee Ndolo akauliza polepole, itaonekana kutoka kona ya barabara?

— Kutoka kona yenyewe, Baba.

Mzee akapangusa jasho la shingo kwa kofia. Aliangalia ukuta, akaangalia wenzake waliobanana kwenye kona kama kuku siku ya mvua.

— Msingi urudi, alisema. Na tufunge mkutano kabla Mbuvi hajaiva.

Wanaume wakaanza kuinuka haraka. Syombua akawazuia kwa ile sauti yake ya mabonde mawili.

— Urudi na nani? Naona wanaume mmekubali upesi. Ni kwa sababu si nyinyi mlichimba! Wanawake tutachimba tena, tumezoea. Lakini aliyegeuza atachimba na sisi.

— Mama Ndinda, haiwezekani! mzee akashtuka. Huyu hawezi kuingia mtaro mmoja na wewe. Ni mk...

Neno likamkwama. Kila Mkamba aliyekuwa ndani alilijua. Mama mkwe na mkwe wake wana nthoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawashikani mikono, hawasimami karibu, na wakikutana njiani mama anaacha njia mpaka kijana apite. Kuchimba mtaro mmoja ingekuwa aibu ya kuimbwa.

— Ni nani? Syombua akauliza, mikono kiunoni. Malizia. Mbuzi wako wapi?

— Walirudi.

— Basi mbuzi wakirudi, huyu si mkwe wangu. Ni kijana tu, na ana mikono. Mpeni jembe!

Darasa lote likaangua kicheko. Mwangangi hakucheka wala hakununa. Alivua saa yake, akaitia mfukoni, akauliza jembe liko wapi.

*

Alichimba. Kwanza wakapiga pegi upya, yeye na Ndinda, wakipima kwa kivuli cha kijiti asubuhi mapema, wakisemezana maneno ya kazi tu: vuta, legeza, hapo. Halafu Ndinda akapanda juu kusimamia na Mwangangi akateremka kati ya kina mama.

— Wewe chuo kikuu! Syombua alikuwa akipiga kelele. Hiyo ni kuchimba ama ni kukwaruza? Inama! Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Ndiyo, mama.

— Mama ya nani? Inama!

Kina mama walikuwa wanacheka mpaka majembe yanawaponyoka. Mtaro wa zamani ulifukiwa, mpya ukafunguka. Viganja vya Mwangangi vilitoka malengelenge, yakapasuka, akafunga kitambaa akaendelea. Siku ya mwisho Ndinda alimletea maji kwenye kibuyu.

— Mikono inauma?

— Inauma.

Akanywa. Ndinda hakuondoka.

— Ndinda, sikuchimba ili unirudie.

— Najua. Ungekuwa unachimba kwa ajili hiyo, ungekuwa unageuka kuona kama nakuangalia.

— Niligeuka mara mbili.

— Niliona.

— Kwa hivyo ulikuwa unaniangalia.

Ndinda akacheka. Alijaribu kukizuia kile kicheko lakini kilimshinda, kikatoka chote, na kilimpunguzia mzigo ambao alikuwa ameubeba tangu siku ile ya lori.

— Usifikirie hilo ni jibu, alisema akichukua kibuyu.

— Sijauliza swali.

Na kweli hakuuliza. Walimaliza chuo, kuta zikapanda, paa likalala, na Mwangangi alikuja kutoka Kitui kila Jumamosi kusaidia kushindilia matofali. Alikula na mafundi, akaenda zake. Jioni nyingine alimsindikiza Ndinda mpaka karibu na kwao, wakizungumza mpaka maneno yanaisha na bado hawaagani. Ndinda alimpenda kuliko alivyompenda wakati wa tochi. Wakati wa tochi alikuwa hajui mpenzi wake akikosea hufanya nini.

*

Darasa lilifunguliwa Januari, shule zilipofunguliwa. Jua lilikuwa kali, kama kawaida yake. Mzee Ndolo, suti yake ya harusi imembana tumboni, hakutulia. Kila mara alikimbia mpaka kona ya barabara, akasimamisha hata wenye baiskeli.

— Simama hapo. Unasoma nini pale?

— Kwa Mbula, mzee.

— Bila miwani?

— Bila miwani.

— Haya, pita.

Saa tisa ikafika wageni wakiwa ndani. Hotuba zilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyehamisha benchi. Upepo mdogo uliingia upande mmoja ukatokea upande wa pili. Mzee Mbuvi alilala tena, safari hii kwa raha zake. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alifungua kitabu akasoma kimya kimya mpaka hotuba zikaisha. Ndinda alimwona, akalazimika kutoka nje kidogo.

Alimkuta baba yake kwenye ile baraza ya kona, akiangalia barabara. Mwangangi alikuwa amechelewa, lori lilimwacha Mbumbuni, na sasa ndio anakuja kwa mguu kwenye njia nyembamba ya katikati ya mahindi. Mbele yake, kutoka upande wa nyumbani, alikuwa anakuja Syombua na sufuria ya chakula cha wageni kichwani.

Watu wawili hao walikuwa wamechimba pamoja bega kwa bega. Huyo mama alishamtukana kijana huyo mbele ya kijiji kizima mpaka jembe likamtoka. Basi Ndinda akangoja asikie, Wewe chuo kikuu, umechelewa!

Lakini Syombua alimwona Mwangangi, akasimama ghafla. Akavuta leso, akajifunika uso nusu. Halafu, na sufuria yake kichwani, akaacha njia, akaingia ndani ya mahindi, akampa mgongo.

Mwangangi naye akasimama palepale, macho chini, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Machozi yalimdondoka vumbini naye hakuyagusa.

— Mama yako anafanya nini? Mzee Ndolo aliuliza. Anayakanyaga mahindi yangu! Anamkimbia nani?

— Anamkimbia mkwe wake, Baba.

— Mkwe gani? Mbuzi si walirudi?

— Muulize mwenyewe.

Mzee aliangalia mahindi yanayotikisika, akaangalia kijana aliyeganda njiani, akageuka akaangalia zile herufi ukutani, na vivuli vyake virefu vya jioni.

— Mwangangi! akaita. Unasimama hapo ukingoja nini? Nenda Kitui ulete wale mbuzi, huyu mama atoke shambani, wageni hawajala!

Zamani Mwangangi angekuwa ameshafika Kitui. Siku hiyo hakusogea hata hatua moja.

— Nimesikia, mzee. Ngoja kwanza.

Akainua macho mpaka barazani.

— Ndinda, niwalete?

Kina mama walishatoka darasani na kujipanga ukutani. Ndani ya mahindi sufuria ilikuwa imetulia tuli. Ndinda akaangalia upande jua lilipokuwa, akaangalia kivuli cha paa lake, akamjibu kwa sauti aliyoirithi kwa mama yake, ya mabonde mawili.

— Walete! Na uwafunge upande wa kaskazini. Saa tisa kuna kivuli.